Nani Aliichoma Guernica? Uhakiki wa Habari za Vita

Katika maandishi yahusuyo vita, yakiwemo ya wenzetu wapenda maendeleo, mara nyingi tunakuta sentensi ya aina hii: "Mji ulishambuliwa, watu wengi wakafa." Haina mtendaji, haina saa, wala haisemi mwandishi alizipata wapi habari zake. Sentensi hiyo humsaidia mshambuliaji.

Tuchukue Guernica, mji wa Wabasque nchini Hispania. Jumatatu tarehe 26 Aprili, 1937, siku ya soko, ndege za Kikosi cha Condor cha Ujerumani, pamoja na za Italia, ziliupiga mji huo mabomu kwa saa tatu na zaidi. Makao makuu ya Franco yalikana. Kwanza yalidai kwamba hali ya hewa haikuruhusu ndege kuruka; kisha kwamba "Wekundu" wenyewe ndio walioutia mji moto. Tarehe 29 majeshi yake yakauteka, na ushahidi ukawa mikononi mwa mtuhumiwa.

Lakini ripoti ya George Steer ilikwishatoka tarehe 28 katika The Times la London, gazeti la mabepari, na hilo tulikubali bila haya. Steer, ambaye mwaka 1936 Waitalia walimfukuza Ethiopia, hakuwapo mabomu yalipoanguka. Aliingia mjini saa nane usiku, moto ungali ukiwaka, akawahoji walionusurika. Alizitaja ndege kwa aina zake, Junkers na Heinkel. Alieleza pia kisichoguswa: kiwanda cha silaha nje ya mji, na kambi mbili za askari. Hapo ndipo penye uzito, kwani dai la shabaha ya kijeshi huanguka lenyewe. Idadi ya waliokufa hakuitaja, maana ilikuwa haijajulikana.

Idadi ya 1,654, iliyotolewa na serikali ya Wabasque, bado hunakiliwa kana kwamba imethibitishwa. Wanahistoria wengi wa baadaye wanakadiria kati ya 150 na 300. Kada anayeogopa kuandika hivyo, akidhani atawatetea mafashisti, hajalielewa kosa lao: kuua raia ni jinai hata tarakimu ikipungua. Tarakimu isiyo na msingi ndiyo humpa adui mwanya wa kukana hata yale yaliyothibitika. Nao walikana sana. Serikali ya Franco iliushikilia uwongo wake kwa miaka mingi, na Rais wa Ujerumani, Roman Herzog, alikiri rasmi hatia ya marubani wa Kijerumani mwaka 1997, miaka 60 baada ya shambulio.