"Mtihani" wa Afya na "Kufaulu" Viza: Istilahi Zinazompotosha Mwombaji

Miongoni mwa karatasi zilizoletwa mezani petu hivi karibuni ili zitazamwe lugha yake, imo moja yenye kurasa nne iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya watu wanaoomba viza ya uhamiaji ya Marekani, yaani ruhusa ya kwenda kukaa huko moja kwa moja. Kazi yake ni kumweleza mwombaji namna ya kujitayarisha kwa uchunguzi wa afya na namna ya kungojea kuitwa kuhojiwa. Sarufi ya karatasi hiyo ni safi. Upatanisho wa ngeli haukuvunjwa mahali popote, na tahajia yake ingempendeza mwalimu yeyote. Hata hivyo, mtu akiifuata kama ilivyoandikwa anaweza kupoteza fedha, muda, na pengine nafasi yenyewe. Kosa lake limo katika istilahi. Na kwa kuwa istilahi zizo hizo huzisikia pia kwa mawakala, kwa wafasiri, na hata maofisini, tumeona ni vema tuzihakiki hapa.

Kwanza tuweke mpaka. Nani apewe viza na nani anyimwe ni jambo la sheria za nchi inayoombwa, na amri zake hubadilika. Mwaka 2025 na mwanzoni mwa 2026 Serikali ya Marekani ilitoa amri za kuzuia au kusimamisha utoaji wa viza kwa raia wa nchi nyingi, zikiwamo baadhi ya nchi zetu za Afrika Mashariki. Mfasiri hana uwezo juu ya hayo. Alilo na uwezo nalo ni neno, na neno ndilo tunalolijadili.

Tuanze na neno linalobeba mengine yote: mtihani. Karatasi yetu husema "mtihani wa afya", kisha, kama ilivyo desturi ya mitihani, hufuata "kufaulu", "kufeli", "matokeo" na "kurudia". Katika Kiswahili mtihani una maana mbili zilizokita. Ya kwanza ni ya shule: maswali yanayotahini maarifa, ambapo aliyejiandaa hushinda na asiyejiandaa huanguka. Ya pili ni ya maisha: shida ambayo Mungu humjaribu nayo mja wake. Hakuna kati ya maana hizo inayofanana na anachokifanya daktari hapa. Daktari huuliza historia ya maradhi, huutazama mwili, huagiza picha ya eksirei ya kifua kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi, huchukua damu inapohitajika, na hukagua chanjo. Kisha huandika alichokiona. Hilo katika lugha yetu ni uchunguzi, na kila kipande chake ni kipimo.

Pengine msomaji atasema kwamba tunagombania maneno tu, mradi mwombaji anafika hospitali. Lakini tutazame neno linamfanya afanye nini. Aliyeambiwa kwamba anakwenda kwenye mtihani hutafuta majibu yanayotakiwa. Huwauliza waliotangulia walijibu nini. Hunywa maziwa siku kadhaa, akiamini kwamba yatasafisha kifua kabla ya picha. Na aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona huiacha nyumbani kadi yake ya matibabu, akihofu kwamba itamfelisha. Kumbe kadi hiyo ndiyo karatasi anayoihitaji kuliko zote. Kovu la ugonjwa wa zamani laweza kuonekana katika picha. Kadi ya matibabu, pamoja na picha za zamani, ndizo zinazomwonyesha daktari kwamba ugonjwa ulitibiwa na kwamba kovu halijabadilika. Zaidi ya hayo, kifua kikuu kilichopona hakimzuii mtu kupewa viza kwa sheria ya afya, ilhali kusema uongo juu ya jambo la msingi kwaweza kumzuia maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha maalumu. Basi neno moja la shuleni limemgeuza mgonjwa aliyepona kuwa mwongo, tena bila faida yoyote kwake.

Jambo la pili ni daraja. Utaratibu wa Marekani huigawa hali ya afya kwa herufi. Herufi A ni kwa hali inayomzuia mtu kuingia nchini humo, mathalani kifua kikuu cha kuambukiza ambacho hakijatibiwa. Herufi B ni kwa hali inayopasa kuandikwa na kufuatiliwa, lakini haimzuii. Karatasi yetu imetafsiri "Daraja la A" na "Daraja la B". Ni nani aliyepitia shule zetu ambaye hatafurahi kusikia kwamba amepata daraja la A? Na ni nani ambaye hatasikitika kidogo kwa B? Hapa maana imepinduliwa juu chini. Sisi tunapendekeza kundi: "Kundi A, hali inayozuia" na "Kundi B, hali isiyozuia". Kundi halipandishi wala halishushi, hutenga tu. Maelezo mafupi yaandamane na herufi kila inapotajwa, kwa sababu herufi peke yake haisemi kitu. Aidha ielezwe kwamba kundi A si hukumu ya milele. Mwenye kifua kikuu cha kuambukiza hutibiwa chini ya uangalizi, dozi kwa dozi, na akishapona shauri lake huweza kuendelea.

Jambo la tatu ni chanya na hasi. Maneno haya mawili yalipoingizwa katika hesabu na sayansi yalifanya kazi nzuri. Lakini chanya limekwisha kutoka darasani na kuingia mitaani, na huko limepata maana ya jambo jema: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Mzazi akiambiwa kwamba majibu ya mtoto wake ni chanya atamshukuru Mungu. Na jambo hili huwafika wazazi hasa, kwa sababu watoto wa miaka 2 hadi 14 wanaotoka katika nchi zenye kifua kikuu kingi hupimwa damu kwanza, na yule ambaye kipimo chake kimeonyesha maambukizi ndiye anayepelekwa kupigwa picha. Katika karatasi za umma, na isemwe wazi: "maambukizi yameonekana" au "maambukizi hayakuonekana". Kadhalika ugonjwa na maambukizi visichanganywe. Mtoto mwenye maambukizi fiche haugui na haambukizi wengine. Karatasi yetu imeandika "TB iliyolala", na wasomaji wake huuliza: italala mpaka lini, na nani ataiamsha? Istilahi maambukizi fiche inatosha.

Katika sehemu hiyo hiyo kuna makosa mawili ambayo, kama si kwamba yana madhara, yangechekesha. Mwombaji ambaye picha yake ina shaka hutakiwa kutoa makohozi siku tatu mfululizo. Karatasi imeandika "mate". Mate hutoka kinywani na makohozi hutoka kifuani. Mtu akileta mate kipimo hakifai na siku zake tatu zimepotea. Kisha makohozi hayo hupelekwa maabara ili vimelea vioteshwe, kazi inayochukua hadi wiki 8. Mfasiri, akiwa ameshika kamusi au mashine, ameandika "utamaduni wa makohozi". Wataalamu wetu wa maabara wana neno lao la siku nyingi, nalo ni kuotesha. Ni neno la mkulima, na kila mtu hulielewa: mbegu ikiwapo itaota, isipokuwapo haitaota, na kuota hakuharakishwi. Mwombaji aliyeelezwa hivyo huelewa pia kwa nini anasubiri miezi miwili, na hadhani kwamba ananyimwa kwa hila.

Tuongeze hapa jambo la karatasi kunakiliwa kutoka karatasi za zamani. Karatasi yetu inataja "kipimo cha UKIMWI" kama kizuizi. Kuna makosa mawili ndani ya mstari mmoja. Kwa upande wa istilahi, kinachopimwa ni VVU, yaani virusi. UKIMWI ni hali ya ugonjwa unaofuata mtu asipotibiwa. Kwa upande wa ukweli, Marekani iliondoa VVU katika orodha ya maradhi yanayozuia kuingia kuanzia tarehe 4 Januari 2010. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi, akisoma karatasi hii, ataficha dawa zake au, vibaya zaidi, ataziacha. Mfasiri anayenakili kosa la zamani bila kuuliza hawezi kujitetea kwamba yeye alitafsiri tu.

Jambo la nne ni anayechunguza. Karatasi inamwita "daktari wa jopo", kwa kufuata neno kwa neno. Jopo kwetu ni watu walioketi pamoja ili kuamua: jopo la majaji, jopo la wataalamu. Mwombaji hutarajia kukuta madaktari watano nyuma ya meza. Kwa kweli ni daktari mmoja, ambaye jina lake limo katika orodha iliyoidhinishwa na ubalozi. Ripoti ya daktari asiyekuwamo humo haipokelewi hata kama anatoka hospitali kubwa ya rufaa. Wengine husema "daktari wa ubalozi", nayo si sawa, maana humfanya aonekane kuwa ndiye atoaye viza. Yeye huandika ripoti. Anayeamua ni ofisa wa ubalozi. Tunapendekeza "daktari aliyeidhinishwa na ubalozi". Ni istilahi ndefu, lakini ufupi si sifa pale unapoficha maana.

Jambo la tano ni kungojea. Hapa karatasi inatupa "tarehe ya kipaumbele", na waombaji wengi huelewa kwamba kuanzia tarehe hiyo watatangulizwa, au kwamba ndiyo siku ya kuitwa. Maana yake halisi ni siku ambayo mtu alihesabiwa kuwa ameingia katika mstari, aghalabu siku jamaa yake alipowasilisha ombi kwa ajili yake. Kaka au dada wa raia wa Marekani anaweza kungojea zaidi ya miaka 10 akiwa na tarehe hiyo mkononi. Tuiite tarehe ya kuingia foleni. Foleni kila Mswahili anaijua: unajua uko wapi, nani yuko mbele yako, na kwamba kuwamo si kufika.

Kuhusu kuitwa kwenyewe, wako wanaosema usaili na wako wanaosema mahojiano. Usaili umekwisha shikamana na ajira, ambapo wengi hugombea nafasi chache na kila mmoja hujipamba. Kwenye ubalozi mwombaji hula kiapo, kisha huulizwa juu ya yaliyomo katika hati zake. Kujipamba chini ya kiapo ni hatari. Tunapendelea "mahojiano ya viza chini ya kiapo". Tena karatasi iseme mpangilio wa wakati. Maneno "fanya uchunguzi kabla ya mahojiano" hayatoshi. Uchunguzi kwa kawaida hutumika kwa miezi 6, na kwa baadhi ya hali za kifua kikuu kwa miezi 3 tu. Anayeufanya mapema mno, mahojiano yakaahirishwa, hulipa mara ya pili.

La mwisho ni gumu kuliko yote. Baada ya mahojiano wengine hupewa karatasi inayotaja kifungu cha 221(g) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, kwamba hati hazijatimia au uchunguzi unaendelea. Karatasi yetu inaliita jambo hili mahali pamoja "imekataliwa" na mahali pengine "mchakato wa kiutawala". La kwanza huvunja moyo kupita kiasi. La pili halisemi chochote. Je, tulainishe? Hapana. Kisheria huko ni kukataliwa, na mfasiri hana ruhusa ya kumpa mtu tumaini lisilokuwamo katika maandishi ya asili. Ila asema kukataliwa kwa namna gani: "viza imekataliwa kwa sasa, shauri laweza kufunguliwa tena". Na pale ambapo hati zinadaiwa, aeleze kwamba mwombaji ana mwaka 1 wa kuzileta bila kulipa ada upya. Yupo mtu anayeweza kuitupa karatasi hiyo kwa hasira kwa sababu aliona neno moja tu.

Wasomaji watatambua kwamba mengi ya tuliyoyapendekeza si maneno mapya. Uchunguzi, kundi, makohozi, kuotesha, foleni: yote yamo vinywani mwa watu. Kilichokosekana ni mfasiri kujiuliza, kabla ya kuandika, msomaji wake atafanya nini akishasoma. Katika riwaya neno baya huharibu ladha. Katika karatasi ya maelekezo humpeleka mtu mahali pasipo pake, akiwa na bahasha mkononi na nauli ya kukopa.

Tunawaomba walimu, wafasiri na maofisa wanaokutana na istilahi hizi kazini watuletee maoni yao, hasa juu ya kundi na tarehe ya kuingia foleni, ili zijadiliwe kabla ya kusanifiwa.