Mguu na Mizani: Malezi ya Mchezaji Chipukizi katika Baleti ya Nairobi na Dhaanto ya Kaskazini Mashariki

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya umeushughulikia wimbo kwa undani zaidi kuliko ngoma inayoubeba. Maneno hunakiliwa, hupangwa katika beti na kufasiriwa; mwili wa mchezaji huachwa kando kana kwamba ni pambo tu la utendaji. Pengo hili hudhihirika hasa linapoulizwa swali la malezi: ni nani anayestahili kuitwa mchezaji aliyefunzwa, na kwa kigezo gani? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kulinganisha mikondo miwili: baleti wanayofunzwa vijana jijini Nairobi, na dhaanto, ngoma ya Wasomali inayojulikana Kaskazini Mashariki. Hoja kuu ni kwamba mikondo hii haitofautiani kwa kuwapo au kutokuwapo kwa nidhamu, bali kwa kile ambacho kila nidhamu inakikusudia.

Baleti na Ngano ya Wokovu

Dance Centre Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2015 na kuongozwa kisanaa na Mmarekani Cooper Rust, imewapandisha vijana jukwaani katika Kenya National Theatre kucheza The Nutcracker, baleti yenye muziki wa Tchaikovsky iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1892. Mafunzo ya baleti huenda hatua kwa hatua. Kila mkao una jina la Kifaransa, urithi unaorudi nyuma hadi chuo cha uchezaji kilichoasisiwa na Mfalme Louis XIV mwaka 1661. Mwanafunzi hushika mti wa mlalo, hugeuza nyayo nje kuanzia nyonga, hukunja magoti pasipo kuinamisha mgongo, kisha hurudia. Kosa husahihishika kwa sababu lina jina.

Hata hivyo, masimulizi kuhusu vijana hawa hayaoneshi kazi hiyo. Joel Kioko alilelewa katika mtaa wa mabanda wa Kuwinda na akafika English National Ballet School, London, katika nusu ya pili ya miaka ya 2010. Habari zake zilisimuliwa mara nyingi kwa muundo wa ngano: shujaa fukara, msaidizi mgeni, safari ya ng'ambo. Muundo huo una mvuto, lakini hugeuza miaka ya jasho kuwa bahati. Zaidi ya hayo, humfanya msomaji aamini kwamba nidhamu ya mwili ni kitu kinacholetwa, na kwamba alikotoka kijana hapakuwa na malezi yoyote ya ngoma.

Dhaanto: Kufunzwa ni Kujibu

Dhana hiyo haisimami mtu akitazama Kaskazini Mashariki. Dhaanto ina asili ya Ogaden, na imeenea miongoni mwa Wasomali wengi. Wanaume na wanawake hukabiliana kwa safu, wakiimba kwa kupokezana na kupiga makofi, huku mabega na miguu ikifuata mwendo unaofananishwa na wa ngamia. Hapana kioo wala mti wa kushikia. Mtoto husimama pembezoni mwa arusi, akapokea hatua na wimbo kwa pamoja.

Hapa ndipo ngoma inapokutana na ushairi. Ushairi wa Kisomali hudai urari wa sauti za mwanzo wa maneno, na mizani yake hupimwa kwa urefu wa irabu. Kanuni za mizani hiyo zilianza kuelezwa kwa maandishi mwaka 1976 na mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, aitwaye Gaarriye. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiitunza bila kuieleza: sikio liliitambua, na katika nyimbo za ngoma mguu uliishika. Kwa hiyo anayekosea hatua yu karibu kukosea ubeti pia. Aliyefunzwa ni yule awezaye kumjibu wa safu ya pili papo hapo, bila kuvunja mwendo.

Jukwaa na Hasara Yake

Shule huleta kigezo cha tatu. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limewapa vijana fursa adhimu ya kucheza ngoma za jadi mbele ya hadhira ya taifa. Lakini jukwaa huzielekeza safu mbili kwa majaji badala ya kuzikabilisha, na muda uliopimwa hulazimisha majibu yatungwe kabla. Hatua hubaki, majibizano hupotea. Kinachotuzwa ni ulinganifu, ambao ni kigezo cha baleti zaidi kuliko cha dhaanto.

Nayo shule yenyewe imeyumba. Baada ya mashambulizi ya Mandera ya mwaka 2014, ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 na ya Kamuthe mwaka 2020, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka katika eneo hilo. Pasipo mwalimu, aghalabu hakuna kikundi cha tamasha. Kwa upande mwingine, baadhi ya viongozi wa dini hawaridhii wavulana na wasichana kucheza pamoja. Kijana wa Garissa, au wa mji mdogo kama Kutulo, amebanwa pande zote mbili, na arusi ndiyo darasa linalombakia.

Hitimisho

Tiba si kuipeleka baleti Kutulo, wala si kuibeza Nairobi. Baleti ina jambo moja ambalo uhakiki wa ngoma za Kenya unalihitaji: msamiati wa kutaja kila mwendo na kila kosa. Msamiati wa dhaanto hauna budi kutoka katika Kisomali na kwa wachezaji wenyewe, na uhusishe hatua na mizani ya ubeti. Mtafiti atakayeandika wimbo bila mguu atakuwa amehifadhi nusu ya matini. Na jaji atakayetuza mguu bila jibu atakuwa anawafunza vijana kuisahau nusu ile nyingine.