'Madini adimu' ya Mrima na utata wa 'ya'

Kila habari za kilima cha Mrima zinaporudi magazetini, huja na jina lile lile: madini adimu. Redio hulirudia, wanasiasa hulipokea, na kwenye foleni ya feri ya Likoni utamsikia mtu akimweleza mwenzake kwamba huko Lunga Lunga kuna madini adimu ya mabilioni. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kuwa yaliyomo kilimani yana thamani ya dola bilioni 62.4, na tangu hapo jina na hesabu vimekwenda sako kwa bako. Mimi naona ni jina baya. Kisarufi halina kosa. Ubaya wake ni kwamba linamnyima msikilizaji kile hasa anachohitaji kujua, yaani ni kitu gani kimo mle kilimani.

Tuanze na hilo 'adimu'. Katika Kiswahili kitu adimu ni kile unachokitafuta usikipate, kama sukari wakati wa uhaba. Sasa, kundi linalozungumzwa hapa lina elementi 17, na iliyo nyingi zaidi kati yake ni seriamu. Seriamu imo katika gamba la dunia kwa kiasi kinachokaribiana na shaba. Mbona shaba hatuiiti adimu? Jina lenyewe ni urithi wa wanakemia wa Ulaya wa mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Wao waliita 'ardhi' kile ambacho leo tunakiita oksidi: unga usioyeyuka majini wala kuharibika kwa moto. Ardhi hizi walizikuta kwanza katika mawe machache ya Uswidi, wakaziita adimu. Wafaransa na Wajerumani wamehifadhi maneno yote mawili, ardhi na adimu, katika lugha zao. Sisi tuliidondosha ardhi, tukaweka madini mahali pake. Matokeo yake ni kwamba dhahabu, tanzanaiti, niobiamu na seriamu zote zaweza kutiwa kapu moja, na msomaji asijue mwandishi anazungumzia ipi.

Hilo 'madini' nalo lina mzigo wake. Tunalitumia kwa elementi, tunalitumia kwa metali iliyokwisha kusafishwa, tunalitumia kwa fuwele iliyo ndani ya mwamba, na wengine wanalitumia kwa mwamba wenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida si neno hilo, tunaelewana. Katika sayansi ni vitu vinne tofauti.

Chukua bastnaesiti, mojawapo ya madini muhimu kuliko yote katika biashara hii. Imeitwa hivyo kwa sababu ya machimbo ya Bastnäs nchini Uswidi, ambako Wilhelm Hisinger aliieleza mwaka 1838. Rangi yake ni ya asali, ikielekea kahawia nyekundu. Ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni 4 hadi 4.5, kwa hiyo kisu kizuri kitaikwaruza. Uzito wake ndio unaomshtua anayeishika: kipande chake kina karibu mara mbili ya uzito wa kipande cha chokaa cha ukubwa ule ule. Kwa uainishaji ni kaboneti yenye florini, na ndani yake mna seriamu, lanthanamu na jamaa zao. Ukiichoma sana hutoa hewa ya ukaa, vilevile kama mawe ya matumbawe yanavyofanya kwenye tanuu la chokaa.

Hapa ndipo Kiswahili kina cha kujivunia. Ukoo wa kaboneti tunaufahamu zamani, hata kama jina la ukoo hatukuwa nalo. Mawe ya matumbawe yanayochimbwa Bamburi kutengenezea saruji ni kaboneti ya kalisi. Magadi anayotia mama kwenye chungu ili maharagwe yalainike ni kaboneti ya sodiamu. Mlima Ol Doinyo Lengai wa Tanzania, volkano pekee duniani inayotapika lava ya kaboneti katika zama zetu, hutoa lava iliyojaa jamaa wa magadi hayo hayo. Mwalimu wa Kisauni akitaka kueleza bastnaesiti, si lazima aanzie Uswidi. Anaweza kuanzia jikoni.

Wanamadini nao wanajua balaa la majina. Iko kaboneti nyingine ya kundi hili iitwayo sinkisiti, jina lililotolewa katika neno la Kigiriki lenye maana ya kuchanganya, kwa kuwa mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni parisiti. Angalau wao walikiri mkanganyiko huo, wakaufanya jina.

Bastnaesiti yenyewe ina aina kadhaa, kufuatana na elementi iliyozidi ndani yake. Wataalamu huongeza alama ya elementi hiyo mwishoni mwa jina, na sisi tutasema bastnaesiti ya seriamu, bastnaesiti ya lanthanamu, bastnaesiti ya itriamu. Ni kama wali wa nazi na wali wa nyama: wali ni ule ule, kilichozidi ndicho kinachoutambulisha. Kwa kazi hii 'ya' yetu inafaa sana.

Lakini 'ya' hiyo hiyo ni ndumilakuwili. Tukisema mji wa Mombasa, mji ndio Mombasa. Tukisema kikombe cha chai, kikombe si chai. Sasa, madini ya dhahabu ni ya aina ipi? Mara nyingi ni ya kwanza, kwa sababu dhahabu hupatikana mwambani ikiwa dhahabu. Na madini ya titaniamu je? Haya ni ya kikombe, ila wengi tumeyasikia kama ya mji.

Mfano tunao hapa hapa Likoni. Shehena ya kwanza ya mchanga wa Kwale iliondoka kwenye gati la Likoni Februari 2014, na uchimbaji wa Base Titanium ukakoma Desemba 2024. Kwa miaka yote hiyo tuliambiwa ni titaniamu inayosafirishwa. Hakuna metali ya titaniamu iliyopanda meli. Kilichopakiwa ni ilmenaiti na rutaili, ambazo ni oksidi zenye titaniamu, pamoja na zirkoni, ambayo si madini ya titaniamu kabisa. Na sehemu kubwa ya ilmenaiti na rutaili duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka kuta, wala si mabawa ya ndege kama vijana walivyokuwa wakielezana vijiweni. Anayedhani anauza metali na anayejua anauza mchanga hawawezi kuijadili bei moja.

Mrima ni hatari zaidi. Asili ya kilima hicho ni mwamba wa kaboneti uliopanda ukiwa uji wa moto kutoka chini ya ardhi. Mvua ya miaka isiyohesabika imeiyeyusha kaboneti nyingi ya juu, ikabakiza udongo mzito wenye chuma na manganizi. Humo niobiamu imo katika paikloro, na elementi zetu zinazoitwa adimu zimo hasa katika fosfeti, kama vile monaziti na gosiksaiti. Kwa hiyo mtu akisoma kwamba Mrima ni kilima cha kaboneti, akasoma pia kwamba bastnaesiti ni kaboneti, asifanye haraka kuunganisha. Ngualla, kule Songwe nchini Tanzania, ndiko kuliko na bastnaesiti inayotajwa. Vyote viwili magazeti yanaviita madini adimu.

Tofauti ya kaboneti na fosfeti ina uzito gani kwa mkazi wa Lunga Lunga? Ina uzito wa thoriamu. Monaziti hubeba thoriamu ndani ya fuwele zake, na thoriamu hutoa mionzi. Bastnaesiti kwa kawaida huwa nayo kidogo. Wanasayansi waliopima mionzi ya asili pale Mrima wameikuta iko juu ya wastani wa dunia, na thoriamu ndiyo chanzo kikubwa. Kilima kikikaa kama kilivyo, thoriamu imefungwa ndani ya chembe zake. Kikichimbwa, kikasagwa, kikatiwa tindikali, lazima iende mahali. Mzee akisimama barazani akauliza "madini adimu haya yana madhara?", atajibiwa kwa maneno mapana kama swali lake. Akiuliza thoriamu iliyo katika monaziti itazikwa wapi, anayejibu hana pa kujificha.

Si jambo la kufikirika. Leseni ya Cortec ilitolewa Machi 2013 na kufutwa Agosti mwaka huo huo. Mahakama ya usuluhishi iliyosikiliza kesi yake dhidi ya Kenya iliamua mwaka 2018 kwamba leseni hiyo haikuwa halali, kwa kuwa masharti ya mazingira hayakutimizwa na Mrima ni msitu uliohifadhiwa. Ni kaya ya Wadigo, na anayejua Kidigo atalisikia neno 'mlima' ndani ya jina lenyewe. Sheria ya Madini ya 2016 nayo inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha. Asilimia 10 ya nini, ndilo swali, na haliulizwi vizuri kwa jina lisilotaja kitu.

Basi napendekeza tuipunguzie 'ya' kazi, tuipe '-enye'. Tuseme elementi tunapotaja seriamu, metali inapokuwa imesafishwa, mbale kwa jiwe la kuchimbuliwa, na madini kwa fuwele tu. Kisha tuseme kaboneti yenye seriamu, au fosfeti yenye seriamu na thoriamu. Najua mhariri wa ukurasa wa kwanza atalalamika kwamba vichwa vya habari havina nafasi ya maneno yote hayo. Ahesabu herufi: 'fosfeti za Mrima' ni fupi kuliko 'madini adimu ya Mrima'.