Kuokota Masazo

Kitabu cha Ruthu kikifunguliwa, wengi hukimbilia kile kiapo cha njiani katika sura ya kwanza. Husomwa hata harusini, ingawa bwana arusi hayumo: ni Ruthu, mjane, anayemwambia mama mkwe wake Naomi, mjane mwenzake, wakiwa njiani kutoka Moabu. Wakishavuna hapo, hupita. Mimi nampenda msomaji anayebaki nyuma akiinama.

Ndivyo Ruthu mwenyewe alivyopata riziki. Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni au kurudia yaliyodondoka. Hayo ni ya maskini na mgeni. Siku ya kwanza Ruthu aliokota mpaka jioni, akapura, akapata yapata efa moja ya shayiri, kama lita 22. Suke kwa suke.

Bibi yangu alisoma Biblia hivyo hivyo, kidole juu ya mstari, akirudi alikotoka. Alikuwa akiuliza: hapa nani kasema, na nani kanyamaza? Swali la pili ndilo lililonifumbua macho. Naomi anafika Bethlehemu, anawaambia wanawake kwamba alitoka amejaa na amerudishwa mtupu. Ruthu yuko papo hapo ubavuni pake. Hatajwi, wala hajibu neno. Kwa miaka mingi nilipita juu ya ukimya huo bila kuuona. Niliuona nilipokuwa mgeni katika mji ambako watu waliniita kwa jina la nilikotoka.

Tangu siku hiyo nafuata majina. Boazi, mwenye shamba, anauliza yule msichana ni wa nani. Msimamizi hataji jina, anasema ni Mmoabi. Ruthu naye anainama mbele ya Boazi na kujiita mgeni. Halafu inakuja sura ya tatu, usiku, kwenye uwanja wa kupuria. Boazi anashtuka usingizini, anamwuliza yeye ni nani. Safari hii anatanguliza jina lake: Ruthu.

Mji ulikuwa ule ule. Kesho yake langoni, mbele ya wazee, ataitwa tena Mmoabi, na anayemwita hivyo ni Boazi huyo huyo anayemwoa. Wala kitabu hakielezi kilichopita moyoni mwa Ruthu tangu shambani mpaka usiku ule. Ninavyosoma mimi, jibu lile lilianza kukomaa njiani, alipowachagua watu wa Naomi kuwa wake wakati wao hawajamjua bado. Aliingia Bethlehemu akiwa tayari na kwao kifuani, na hakuna lango la mji lililoweza kumpa wala kumnyang'anya.

Miaka mingi baadaye Mathayo aliandika ukoo wa Yesu. Katika sura ya 1, mstari wa 5, anamtaja mama yake Obedi, babu yake Daudi. Ameandika Ruthu, basi. Neno Mmoabi halimo.