Aliyeitwa na Aliyewahi: Uteule na Hiari katika Masimulizi ya Kimaasai na Biblia ya Kiswahili

Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ijulikanayo kwa jina la Union Version, kitenzi "kuchagua" kimetwishwa mzigo wa maneno mawili ya Kiyunani. La kwanza lina maana ya kutwaa mmoja miongoni mwa wengi. La pili, analolitumia Mtume Paulo katika Warumi sura ya 8 na Waefeso sura ya 1, lina asili moja na neno la mpaka: ni kukata shauri kabla, kama mwenye shamba awekavyo alama zake kabla mkulima hajafika. Wafasiri waliongeza maneno ya wakati, "tangu asili" au "tangu awali", bali kitenzi wakakiacha kilekile. Si kwamba lugha ilikuwa na upungufu. Kiswahili kilikuwa na kadari, kudura na majaliwa. Lakini maneno hayo yalikuwa yamekwisha kulelewa katika elimu ya Kiislamu, na katika aya hizo hayakutumiwa.

Uamuzi huo wa wafasiri una uzito kuliko inavyodhaniwa. Mtu aambiwaye kwamba jambo ni kudura huuliza, kama akithubutu kuuliza, kwa nini mambo yamekuwa hivi. Mtu aambiwaye kwamba Mungu amechagua huuliza swali jingine kabisa: kwa nini huyu, na si yule? Hilo ni swali la haki, nalo ndilo linalomsumbua Paulo mwenyewe katika sura ya 9 ya waraka huohuo kwa Warumi.

Huko Kajiado swali hilo halikuingia na Biblia. Lilikuwako. Kitengela imo katika nchi ya Ilkaputiei, mojawapo ya sehemu za Wamaasai, na Wamaasai wana masimulizi yao ya uteule, ambayo A. C. Hollis aliyachapisha mwaka 1905. Hapo mwanzo Mungu alimkuta duniani Mndorobo, yaani mwindaji asiye na mifugo (jina lenyewe lina harufu ya dharau). Mungu akamwagiza Mndorobo aje asubuhi, ana neno la kumwambia. Mmaasai akayasikia maneno hayo, akarauka, akajihudhurisha yeye. Ndiye aliyepewa maagizo ya kujenga boma, na ndiye aliyeshushiwa ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi. Masimulizi hutofautiana juu ya namna neema hiyo ilivyokoma: kuna wasemao kwamba ukelele wa mshangao ndio uliokatiza mshuko wa ng'ombe, na kuna wasemao kwamba Mndorobo aliukata ukanda kwa mshale.

Wasomaji wengi huyachukua masimulizi haya kuwa ni hati ya umilikaji tu: ng'ombe wote ni wa Wamaasai kwa kuwa Enkai aliwapa wao. Ni kweli kwamba yametumika hivyo, hata kuhalalisha uvamizi wa mifugo ya majirani. Usomaji huo, hata hivyo, unaruka tukio lililo kiini cha hadithi. Aliyeitwa siye aliyepewa. Msimulizi angeweza kwa urahisi kabisa kumfanya Mungu amwite Mmaasai moja kwa moja, hakufanya hivyo. Ameacha uteule usimame juu ya masikio ya mtu na miguu yake, wala hakuificha hila iliyomo.

Mkristo atamtambua hapo Yakobo. Naye pia alipata kwa kuwahi: alinunua haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, kisha akavaa ngozi za wana-mbuzi ili baba yake kipofu ambariki kwa makosa. Katika Warumi 9 Paulo anataja kwamba shauri lilikatwa kabla watoto hawajazaliwa. Dengu na ngozi hazitaji. Hapo ndipo wafuasi wa Calvin, kama Augustino kabla yao, walipojenga nyumba yao, ilhali wafuasi wa Arminius na Wesley walirudi kwenye wito unaoweza kukataliwa. Kila upande umeshika nusu ya Yakobo. Kitabu cha Mwanzo hakioni haya kuziweka nusu zote mbili pamoja: Rebeka anaambiwa neno la Mungu wanawe wakiwa bado tumboni, na baadaye Rebeka huyohuyo ndiye anayepanga hila.

Masimulizi ya pili katika mkusanyo wa Hollis yanakwenda mbali zaidi. Le-eyo aliagizwa kwamba mtoto akifa, aombe mtu afe na kurudi, na mwezi ufe na kutoweka. Akafa mtoto asiye wake. Le-eyo akayapindua maneno, akauombea mwezi urudi. Mtoto wake mwenyewe alipokufa akayasema maneno sawasawa, lakini akaambiwa kwamba mambo yamekwisha haribika kwa yule mtoto wa kwanza. Hapa amri ya Mungu ilikuwa wazi, na hiari ilikuwa kamili. Kifo kikawa cha milele kwa sababu mteule hakuona hasara katika msiba wa mwingine. Kuiita habari hiyo kadari ni kumpunguzia Le-eyo hatia ambayo msimulizi amejitahidi kumbebesha.

John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini za Kiafrika, alitumia neno Zamani kwa ule wakati ambamo mambo ya asili yamehifadhiwa. "Tangu asili" ya Biblia ya Kiswahili huangukia humo bila shida. Lakini Zamani ya Wamaasai si mahali ambapo mambo yamekatwa bila mtu. Ni mahali ambapo mtu alirauka, na mwingine akasema neno baya.

Jambo hili lina makali yake Kitengela hasa. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988 kuwa mashamba ya watu binafsi, kila mwenye shamba akapata hiari ya kuuza, na wengi wakauza. Mji umekua juu ya ardhi hiyo, pamoja na makanisa yake ya madhehebu mengi. Husemwa kwa wepesi kwamba Mungu alikuwa amepanga hivyo. Usemi huo humfariji mnunuzi kuliko muuzaji. Mwanzo sura ya 25 inamlaumu Esau kwa kuidharau haki yake, na katika sura hiyo Yakobo halaumiwi. Hata hivyo inataja, kwa uangalifu ambao mahubiri juu ya uteule huupita upesi, kwamba siku ile Esau alitoka nyikani akiwa amechoka, na kwamba Yakobo hakumpa chakula mpaka alipoapa.