Desturi Ndiyo Kisa: Kijiji cha Ukerewe katika Kitabu cha Aniceti Kitereza

Kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Mwanza, kilibahatika kupata mwandishi wa maisha yake katika wenyeji wake. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945. Baadaye alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitabu kilingoja chapa miaka 35. Mwandishi wake aliaga dunia mwaka 1981.

Wako wasemao kwamba hii si riwaya, bali ni ghala ya mila iliyotiwa majina ya watu. Hukumu hiyo yafaa kupimwa kwa kisa chenyewe. Myombekere na Bugonoka wapendana, lakini hawana mtoto. Maneno ya jamaa za mume yawachoma wazazi wa mke, nao wamchukua binti yao. Mume aendapo kumwomba, wakwe wamtoza faini ya pombe ya ndizi. Ndipo msomaji aelezwapo kazi ya pombe hiyo hatua kwa hatua. Msomaji mwenye haraka huuliza: kisa kiko wapi? Jibu ni kwamba kisa ki ndani ya mitungi. Kila hatua ya kazi ni hatua ya njia iliyomtenga mume na mkewe, na urefu wa maelezo ndio urefu wa subira yake.

Ndivyo yalivyo na mengine. Ziwa huleta samaki, shamba huleta ndizi, pori huleta miti ya dawa. Mganga atafutapo dawa ya utasa, elimu ya mizizi haikuwekwa kwa pambo. Nyumba nzima yaitegemea. Watoto wapatikanapo, huitwa Ntulanalwo na Bulihwali, majina yanayokumbusha kifo na huzuni. Furaha yenyewe haikusahau msiba.

Haisemwi kwamba kitabu hakina kasoro. Mahali pengine mwalimu humshinda msimulizi, na desturi huelezwa bila mtu wa kuihitaji. Hapo wakosoaji wana haki. Lakini kasoro ya kurasa kadhaa si hukumu ya kitabu kizima.

Kitereza alitoka katika ukoo wa watawala wa Ukerewe, walakini katika kitabu hiki hakusimulia kiti cha enzi. Alisimulia ua wa mkulima kabla ya kuja utawala wa wageni. Historia ya watawala hupata waandishi wengi. Jinsi mkwe alivyosalimiwa, jinsi mke alivyorudishwa kwake, hufa pamoja na wazee kama hapana aliyeandika. Asomaye kitabu hiki kama orodha ya mila ataijua pombe ya Wakerewe. Akisomaye kama kisa ataijua kiu yao.