Kigoda cha Milanzi na Uhuru wa Mahakama

Miongoni mwa masimulizi ya asili ya Wafipa, lile la kigoda cha Milanzi lina nafasi ya pekee. Yasimuliwa kwamba mtu wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na kizazi chake kikatawala nchi kutoka Milanzi, karibu na mahali ulipo leo mji wa Sumbawanga. Siku moja mfalme alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe kwamba wageni wangefika, na kwamba asikubali kabisa kukitoa kigoda. Wakaja wanawake watatu, Watwachi. Mke wa mfalme akashindwa kukilinda kigoda, na mkubwa wa wageni akakikalia. Mfalme aliporudi alikuta utawala umekwisha kumtoka. Hata hivyo hakuondolewa kabisa: yalifanyika mapatano, Watwachi wakashika utawala wa nchi, naye Milanzi akabaki na mlima wake mtakatifu pamoja na mamlaka ya ibada ya nchi nzima.

Wapo wasemao kwamba hii ni hadithi ya unyang'anyi tu, na kwamba mlima aliopewa Milanzi ulikuwa kifuta machozi. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana simulizi hili liliwafaa sana watawala wapya katika kuhalalisha enzi yao. Lakini haitoshelezi. Kama Milanzi hakubakiwa na kitu chochote, mbona wenye mikuki hawakumsahau? Roy Willis, mtaalamu wa Uingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alikuta simulizi hili lingali hai, na akaliona kuwa ndilo ufunguo wa fikra za Wafipa juu ya utawala. Watwachi wenyewe baadaye waligawanyika wakawa na dola mbili, Nkansi na Lyangalile, lakini Milanzi aliendelea kuwa mmoja. Ni dhahiri basi kwamba jamii hii ilikubali kuwapo kwa mamlaka isiyo na jeshi, ambayo mwenye jeshi alipaswa kuiheshimu.

Mahakama nayo ni mamlaka ya namna hiyo. Haina askari wala hazina. Nguvu yake yote imo katika ahadi ya wenye askari na hazina kwamba wataitii hata inapowahukumu wao. Ndiyo maana katiba nyingi humlinda jaji asifukuzwe kwa amri ya mtu mmoja, bali aondolewe tu baada ya tume maalumu kumchunguza na kuthibitisha kosa lake. Ulinzi huo ndio kigoda chake.

Tuitazame nchi jirani ya Kenya. Mwaka 1986 Bunge la nchi hiyo lililetewa muswada wa kuondoa ulinzi wa kazi ya Mwanasheria Mkuu na ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Charles Rubia, Mbunge wa Starehe, alisimama kuupinga. Ikumbukwe kwamba Baraza la Seneti la Kenya lilikuwa limeunganishwa na Baraza la Wawakilishi tangu 1966, kwa hiyo hapakuwa na baraza la pili la kuutafakari upya muswada uliokwisha kupita. Sauti ya Rubia haikushinda. Miaka miwili baadaye, mwaka 1988, zamu ya majaji ilifika: ulinzi wao ukaondolewa kwa mjadala ambao haukuchukua hata siku nzima. Ulirudishwa mwaka 1990, baada ya nchi kuona hasara yake. Mwaka huohuo Rubia mwenyewe aliwekwa kizuizini, kwa sababu ya kudai mfumo wa vyama vingi.

Hapa ndipo simulizi la Milanzi linapotufundisha jambo ambalo msomaji wa haraka huweza kulipita. Kigoda hakikuchukuliwa vitani. Kilichukuliwa mwenyewe hayupo, mbele ya mtu aliyekabidhiwa na kuonywa. Jaji naye hayumo bungeni wakati kiti chake kinapojadiliwa, wala desturi ya kazi yake haimruhusu kwenda kujitetea katika siasa. Aliyekabidhiwa kigoda ni mbunge. Akinyamaza, hakuna mwingine ndani ya ukumbi ule wa kusema.

Tusidhani kwamba sisi Tanzania hatukujaribiwa. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, Bunge lilipitisha sheria iliyoziondoa kesi hizo katika mahakama za kawaida na kuzipeleka mbele ya baraza maalumu, ambako mshtakiwa hakuruhusiwa dhamana wala wakili. Ulanguzi ulikuwa umewaumiza wananchi kweli, na wengi waliishangilia hatua hiyo. Lakini mwaka uliofuata sheria ile ilifutwa, na kesi zikarudishwa chini ya Mahakama Kuu. Mwaka huohuo wa 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, na mwaka 2000 ikaongezwa ibara ya 107B, inayotamka kwamba mahakama zote zitakuwa huru, na zitafungwa na Katiba na sheria za nchi tu.

Hapana budi kukiri kwamba Milanzi hakuwa jaji, wala mlima wake haukuwa mahakama. Kudai kwamba mababu walikuwa na kila kitu tulichonacho ni kuwavika nguo zisizowaenea. Tunachodai ni kidogo zaidi, lakini ni cha hakika: wazo kwamba mtawala asikalie vigoda vyote halikuletwa na meli. Lilisimuliwa Ufipa kabla ya katiba kuandikwa.

Kwa hiyo mwalimu anapolifundisha simulizi hili asiridhike na kumwuliza mwanafunzi ni nani aliyekichukua kigoda. Amwulize pia ni nani aliyekabidhiwa kukilinda, na alitumia maneno gani wageni walipoingia. Kigoda kilichokwisha kukaliwa huzungumziwa kwa mapatano tu, na katika mapatano mwenye haki hupata mlima badala ya nchi.